Nilinunua Pedali ya Besi Ili Baba Sharon Alale

Jumanne, saa nane mchana, mtu aligonga ukuta wangu mara tatu. Si mlango, ukuta. Nilikuwa kitandani na gita la besi kwenye mapaja, waya umeingia kwenye wufa ya kutazamia mpira, na ndiyo tu nilikuwa nimefika pale patamu pa wimbo. Nikapunguza sauti. Ukuta ukagongwa tena. Nikazima.

Baba Sharon ni soja. Anatoka saa kumi na moja jioni kwenda kulinda godauni ya watu, anarudi asubuhi watoto wakienda shule, halafu analala. Ama anajaribu kulala. Kama umewahi kuishi keja za laini moja hapa Nyalenda, unajua vile ukuta wa kututenganisha haufiki kwenye mabati. Juu kuna nafasi ya mtu kupitisha mkono. Ukikaanga omena, jirani anajua umeweka nyanya ngapi. Sasa fikiria besi.

Akanipata nje nikianika nguo. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliniuma.

"Wuoda, mimi nalinda mali ya watu usiku kucha. Sasa usingizi wangu, nani atalinda?"

Nikasema, "Pole sana mzee." Ningesema nini kingine? Wiki hiyo hiyo mwenye ploti akaniambia wazi: nikisikia hii maneno mara nyingine, utafute nyumba kwingine. Akaongeza kwamba yeye haelewi kijana mzima anashinda ndani mchana akitingisha ukuta, na chuo aliacha. Hiyo tuiache.

Shida ni kwamba singeweza kunyamaza. Kuna bendi ya benga inapiga wikendi karibu na ziwa (sitaji jina, naogopa kujiletea mkosi) na mpiga besi wao alikuwa anahamia Nairobi. Walinipa nyimbo kumi na mbili na wiki tano. Mwenye kujua zote Jumamosi ya tano, aje ajaribiwe. Kwa hivyo nikaanza kutafuta ile kitu kila mtu anaita mult-efekti, yaani pedali moja yenye sauti nyingi ndani, unachomeka gita upande huu, hedifoni upande ule, na dunia inabaki kimya.

Kosa langu la kwanza nitalisema ili wewe usilirudie. Nilinunua pedali ya gita la kawaida, si ya besi, mkono wa pili, elfu sita na mia tano. Mwenye kuuza alisema, "Itafanya tu, gita ni gita." Si uongo kabisa, sauti ilitoka. Lakini uzi wa chini wa besi, ule wa E, unatikisika kama mara 41 kwa sekunde, na efekti nyingi za gita la kawaida hazikutengenezewa huko chini. Nikiwasha ile sauti ya kukwaruza, chini yote inatoroka, inabaki kama nyuki ndani ya kopo la maziwa. Pedali za besi huwa na njia ya kuchanganya sauti safi na ile chafu ndiyo uzito usipotee. Hii haikuwa nayo.

Halafu nikaiua mwenyewe. Haikuja na adapta, nikaazima ya kinanda kanisani. Jeki iliingia vizuri kabisa, ikakaa kama imezaliwa hapo. Sikusoma maandishi. Adapta ilikuwa ya volti 12, pedali inataka 9. Juu ya hayo, pedali nyingi zinataka hasi iwe katikati ya jeki na chanya iwe nje, na adapta nyingi za vinanda ni kinyume. Ule mchoro mdogo wa duara na alama za kujumlisha na kutoa, ndio unaeleza hayo. Nilikuwa naudhani ni urembo. Taa ikawaka mara moja, kukawa na harufu ya plastiki, basi. Elfu sita na mia tano, chini ya dakika moja. Nilikaa kitandani nikahesabu hizo ni unga pakiti ngapi, halafu nikaacha kuhesabu.

Nilibaki na elfu kumi na moja, na wiki nne. Safari hii nikaamua kwanza kuandika maisha yangu yalivyo, si vile video za YouTube zinavyoonyesha. Kwenye zile video jamaa anakaa studio, taa za zambarau, anakuonyesha sauti mia mbili. Mimi nina chumba kimoja, tokeni za stima zinaisha bila kubisha hodi, na jirani analala mchana. Nikijiuliza ukweli, nilikuwa nataka vitu vinne: itoe sauti kwa hedifoni, ifanye kazi kwa betri, iwe na tundu la kuingiza muziki wa simu ili nipige pamoja na wimbo, na iwe na ngoma ndani ya kunishikia mwendo. Sauti za anga za juu zije baadaye, ama zisije.

Ukiangalia hivyo, soko linajipunguza lenyewe. HX Stomp ya Line 6, ambayo kila mtu anaimba sifa zake, ni kitu ya heshima, lakini haina betri, inakula umeme mwingi, na bei yake ukiitaja kwetu mtu atadhani umenunua nduthi. GT-1B ya Boss inaingia betri nne za AA, ina hedifoni, ina tundu la simu, na inaweza kurekodi moja kwa moja kwa kompyuta kupitia USB. Kama unatengeneza muziki kwa laptopu, hiyo ndiyo ningekuambia utafute. Sina laptopu ya kubeba hiyo kazi, na ile moja niliyoipata ilinizidi elfu kadhaa. Upande wa chini kabisa kuna amPlug ya Vox, kidude kidogo unachomeka kwenye besi yenyewe, betri mbili ndogo, hedifoni, na ile ya besi ina hadi midundo. Nitakuwa mkweli: kama unataka tu kupiga bila kusumbua watu, nunua hiyo na utumie pesa iliyobaki kwa nyuzi mpya.

Simu nayo? Nilijaribu. Kuna programu na waya wa kuunganisha gita, lakini kwa simu yangu ya Android sauti ilikuwa inachelewa. Unapiga noti sasa, unaisikia kitambo kidogo baadaye. Kwa besi hiyo ni sumu, kwa sababu kazi yako yote ni kufika kwa wakati. Ndiyo maana pia usijidanganye na hedifoni za Bluetooth, hata kama ni za bei. Zinachelewesha sauti. Waya, omera. Waya tu.

Mwishowe nikaangukia B1 Four ya Zoom, mkono wa pili, elfu tisa na mia tano. Betri nne za AA. Efekti zaidi ya 60, unatumia tano kwa pamoja. Midundo 68 ndani. Ina kitu kinaitwa lupa: unarekodi kipande kama cha sekunde 30, kinajirudia, unapiga juu yake. Kuna ndugu yake, B1X Four, ambayo ni hiyo hiyo na kanyagio la mguu kwa pembeni. Niliikataa kwa sababu ya bei tu.

Nilikutana na muuzaji mchana peupe kwenye Mtaa wa Oginga Odinga, mlangoni mwa mkahawa. Nilibeba besi yangu, waya wangu, hedifoni zangu na betri mpya nne. Watu walinitazama nimekaa kwa ngazi na gita kama mhubiri aliyepoteza kipaza sauti. Nilizungusha kila kitufe nikisikiliza kama kinakwaruza, nikatingisha jeki, nikawasha ngoma, nikachomeka simu. Dakika ishirini. Jamaa akaanza kuudhika, lakini pesa nilikuwa bado nimeishika, na M-Pesa ukishatuma, kuirudisha ni hadithi nyingine. Jambo moja lilinipita: tundu la kutolea sauti ni lile kubwa la milimita 6.35, hedifoni za simu ni 3.5. Siku hiyo muuzaji aliniazima ile jeki ya kubadilisha, mimi nikafika nyumbani bila yake. Usiku wa kwanza na pedali mpya, sikupiga hata noti.

Kesho yake nikapata jeki mjini, nikafunga mlango, nikawasha.

Watu wanafikiria mtu akipata sauti 60 atacheza nazo zote. Nilifanya hivyo siku mbili. Nilikuwa roboti, nikawa besi ya chini ya maji, nikawa mbu. Halafu nikaweka wimbo wa kwanza wa ile bendi kwa simu, nikapunguza mwendo hadi 0.75, na zile sauti zote zikaanza kunizuia. Benga haina nafasi ya ukungu. Besi yake ni noti fupi, inaruka, inanyamaza, inaruka tena, halafu mwimbaji akinyamaza na magita yakapanda, wewe ndiye umeshikilia sakafu wenzako wasianguke. Ukiweka mwangwi hapo unamwaga uji juu ya kila kitu. Wazee waliotengeneza huu muziki miaka ya sitini na sabini hawakuwa na mult-efekti. Boss wenyewe walitoa ME-5 mwaka 1988, na kufikia hapo D.O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa wameshachezesha watu pande zote mbili za mpaka kwa miaka mingi. Misiani alifariki kwa ajali ya barabarani hapa hapa Kisumu, Mei 2006, mimi nikiwa mtoto mdogo sana. Nimemjulia redio ya nyanya yangu.

Kwa hivyo leo pedali yangu yenye efekti zaidi ya 60 inatumia moja na nusu. Kompresa kidogo, ndiyo noti ninazopiga kwa nguvu na zile za kuogopa zitoke kimo kimoja, na kupunguza juu kidogo ndiyo kucha zisisikike. Basi. Je, nilipoteza pesa? Nimejiuliza sana. Naona hapana, kwa sababu nilicholipia si zile sauti, ni saa za kupiga. Kabla yake nilikuwa napata labda nusu saa kwa siku, ile Baba Sharon akishatoka na watoto wa ploti hawajalala. Sasa napiga saa tatu, nne, mchana, usiku wa manane, stima iwepo isiwepo. Lupa imenisaidia zaidi ya kitu kingine chochote: narekodi besi, naisikiliza ikijirudia, na makosa yangu yanarudi kila sekunde kumi kunisalimia. Mwalimu asiyechoka, na asiyenionea huruma.

Midundo 68 hakuna hata mmoja ulioandikwa benga. Kuna roki, kuna fanki, kuna jazi. Nilichukua mmoja wa kawaida, nikaukimbiza, nikajifanya sioni jina.

Na betri: usinunue zile za bei ya chini kabisa za dukani. Nilidhani naokoa, zikaisha kwa jioni mbili. Nilichanga nikanunua nne za kuchaji, nachajia kwa kinyozi.

Jumamosi ya tano nilienda. Nyimbo kumi na mbili, nikajua tisa vizuri, mbili kwa kubahatisha, na moja nikapotea katikati hadi mpiga solo akageuka kunitazama. Kiongozi wao, mzee wa maneno machache, alisema mkono wangu ni msafi lakini naharakisha magita yakipanda. "Rudi Jumamosi, tuone." Hiyo si ndiyo, lakini si hapana. Nimerudi Jumamosi mbili sasa.

Jana saa nane mchana, ukuta ukagongwa tena. Mara tatu. Moyo ukashuka hadi kwa magoti, kwa sababu nilikuwa na hedifoni na hakuna kitu chochote kilikuwa kinatoa sauti. Nikatoka nje. Baba Sharon amesimama mlangoni kwake na fulana na leso kiunoni, macho mekundu.

"Mzee, sikuwa napiga kwa wufa. Nimenunua kitu."

"Gita sisikii," akasema. "Ni mguu."

Mguu? Nikarudi ndani nikaangalia. Napiga sakafu kwa kisigino, kila mdundo, kwa nguvu, na sijui nimeanza lini. Nyanya aliwahi kuniambia mpiga nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, oduong'o, akaigonga kwenye ubao wa chombo ndiyo iwe ngoma yake. Mimi sina pete, nina sandali za tairi kwenye simiti.

Nimeomba Mama Sharon radhi, nimewapelekea mkate. Kesho Jumapili naenda Kibuye kutafuta kipande cha zulia.