Kazi Inapogeuzwa Mchoro

Mhitimu wa Kiswahili anayeajiriwa kutafsiri programu za tarakilishi hutambua upesi kwamba tafsiri yake haisomwi na aliyemwajiri. Aghalabu mwajiri huyo hakijui Kiswahili. Anachosoma ni mchoro: pau linalorefuka, mstari unaoshuka, kiduara cha kijani kando ya jina la kazi. Kila sentensi imekwisha kuingizwa katika programu ya kufuatilia miradi, ikapewa nambari, jina la mhusika, makataa na hali yake: haijaanzwa, inaendelea, imekamilika. Mwisho wa juma programu huzihesabu hali hizo na kumpelekea mkubwa ripoti. Mfasiri, kwa hivyo, huandika mara mbili. Huandika tafsiri, kisha, apende asipende, huandika mchoro wa tafsiri hiyo, na ni huo wa pili unaompatia mshahara.

Michoro ya aina hii ina nasaba ndefu kuliko tarakilishi zenyewe. Mskoti William Playfair alichapisha grafu za mistari na za pau mnamo 1786 ili biashara ya Uingereza ionekane kwa mtupo mmoja wa jicho. Mwaka wa 1896 mhandisi wa Kipolandi, Karol Adamiecki, alibuni mchoro wa kuonyesha kazi za kiwandani zinavyofuatana na kutegemeana. Kwa kuwa alichapisha kwa Kipolandi na Kirusi, sifa zilimwendea Mmarekani Henry Gantt, aliyeeneza mchoro wa namna hiyo katika miaka ya 1910, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. (Wanafunzi wa Kiswahili hawahitaji kufafanuliwa masaibu ya mvumbuzi asiyeandika kwa lugha ya wenye nguvu.) Baadaye zikaja programu: Bugzilla mwaka wa 1998, kwa ajili ya kufuatilia hitilafu, kisha Jira mwaka wa 2002, ambayo waundaji wake wa Australia waliipa jina kwa kulikata lile la Gojira, dubwana la filamu za Kijapani.

Nasaba hiyo haina utata. Utata umo katika kuhesabu.

Chukua mradi wenye sentensi 1,000. Miongoni mwazo mna maneno kama Hifadhi, Funga na Sawa, ambayo mfasiri huyamaliza kabla chai haijapoa. Mna pia sentensi inayotangaza kwamba kitu fulani kimefutwa, huku jina la kitu hicho likiachiwa pengo ili programu ilijaze baadaye. Kiingereza hakitaabiki na pengo hilo. Kiswahili kinataabika mno: jalada limefutwa, kitabu kimefutwa, picha imefutwa, ujumbe umefutwa. Bila kuijua ngeli, kitenzi hakiwezi kuandikwa. Mfasiri hana budi kumwandikia mtayarishaji wa programu, angoje jibu, aeleze ngeli ni nini, kisha pengine aombe sentensi yenyewe isukwe upya. Katika mchoro, hata hivyo, Sawa ni kazi 1 na sentensi hii ni kazi 1.

Si ajabu basi kwamba mfasiri, kama binadamu yeyote, huanza na nyepesi. Baada ya majuma mawili mchoro unaonyesha asilimia 90. Mkubwa anafurahi na kuwaahidi wafadhili kwamba mradi utakamilika upesi. Majuma mengine mawili yanapita, na mstari haujasogea ila kidogo tu. Sasa yanaulizwa maswali, na mfasiri aliyekuwa hodari mwezi uliotangulia anaonekana mvivu, ilhali ndiyo kwanza anafanya kazi iliyohitaji shahada yake. Tom Cargill wa maabara ya Bell aliufanyia mzaha mkasa huu katika miaka ya 1980: asilimia 90 ya kwanza ya kazi hula asilimia 90 ya muda, na asilimia 10 iliyosalia hula asilimia 90 nyingine.

Wastani nao ni shahidi wa kuhojiwa kwa makini. Kazi 9 zikichukua siku 1 kila moja, na ya 10 ikachukua siku 41, ripoti itasema kwamba kazi huchukua siku 5 kwa wastani. Hakuna hata moja iliyochukua siku 5. Yenye manufaa zaidi ni hesabu aliyoithibitisha John Little mwaka wa 1961: gawanya idadi ya kazi zilizo wazi kwa idadi inayokamilishwa kila juma, upate muda ambao kazi hungoja kwa kawaida. Kazi 60 kwa kasi ya 5 kwa juma ni majuma 12. Mkubwa akirundika nyingine 60 bila kuongeza wafanyakazi, ni majuma 24, hata kama kila mtu anakesha. Grafu inayoweka mstari wa kazi zinazofunguliwa kando ya ule wa zinazofungwa humwonyesha nani hasa anayechelewesha mradi. Pengine ndiyo sababu grafu hiyo haipendwi maofisini.

Hata hivyo, hakuna hesabu inayofua dafu mbele ya woga. Alan Mulally alipochukua uongozi wa kampuni ya magari ya Ford mnamo Septemba 2006, aliwataka wasaidizi wake walete kila juma ripoti za rangi: kijani kwa kinachoendelea vyema, manjano kwa chenye mashaka, nyekundu kwa kilichokwama. Majuma ya mwanzo ripoti zilikuwa za kijani kitupu. Mwaka huohuo kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Mulally aliwauliza kama kweli hakukuwa na lolote lililoharibika. Hatimaye Mark Fields alileta rangi nyekundu, kwa kuwa gari jipya liitwalo Edge lilikuwa na kasoro katika mlango wa nyuma. Ukumbi ulinyamaza, watu wakitarajia kwamba amejifukuzisha kazi. Mulally akapiga makofi, kisha akauliza nani anaweza kumsaidia. Katika mikutano iliyofuata, rangi zilianza kuchanganyika. Mwaka wa 2014 Fields ndiye aliyemrithi Mulally.

Kisa hicho husimuliwa sana kumsifu Mulally. Wa kutazamwa zaidi ni wale waliokuwa wameketi na kijani chao. Hawakukosa takwimu wala programu. Walikosa hakika kwamba wangesalia kazini baada ya kusema kweli. Mfasiri wa mkataba wa miezi mitatu ana hakika ndogo kuliko yao. Anayetaka nyekundu ya kweli kutoka kwake aanze na mkataba huo.

Yapo pia mambo madogo yanayowezekana hata leo. Ripoti ionyeshe umri wa kila kazi iliyo wazi, maana kazi yenye siku 40 hujitetea yenyewe pasipo asilimia. Sentensi zenye mapengo zitengwe na maneno mepesi, zihesabiwe peke yake. Na rangi isiachwe isimame bila neno. Kati ya wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, takriban 1 kati ya 12 hutatizika kupambanua rangi, hasa nyekundu na kijani. Na huenda mfadhili akawa mmoja wao. Aidha, ripoti nyingi huishia katika printa ya wino mweusi, ambamo rangi hizo mbili hutoka zikiwa kijivujivu kisichopambanulika. Kando ya kiduara na paandikwe kwa herufi: imekwama, inangoja jibu kuhusu ngeli.