Ni Kitufe Tu? Muulize Mama wa Ang'urai

Leo si stori ya foleni ya malori Malaba. Ni ya ritifaa, ile alama ndogo ya ng'.

Mimi hupigia watu CV na fomu hapa mtaani, na kompyuta yangu ni ya Linux. Juzi nikanunua kibodi ya USB ya mtumba, bei ya kutupa. Kufika nyumbani, kitufe cha ritifaa hakipo. Pengo tu, kama jino limeng'oka. Nikasema, kitufe kimoja, kwani nitakufa?

Mteja wa kwanza akawa mama kutoka Ang'urai, na fomu ya basari ya mtoto wake. Akaisoma polepole.

"Mwanangu, hapa kwetu umeandika vibaya."

Nilikuwa nimepiga "Angurai". Nikajitetea ati ni kompyuta.

"Na isipofanana na kitambulisho, nani atarudishwa? Kompyuta ama mimi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Pole mama, rudi kesho."

Usiku nikakaa na hiyo mashine. Kumbe kibodi haitumi herufi, inatuma namba tu. Linux ndiyo huamua namba ni kitu gani. Sasa mimi Caps Lock huitumia lini, kama si kugombana na watu WhatsApp? Nikafungua evtest, nikaibonyeza, ikaniambia 70039.

Nikaunda faili ya .hwdb ndani ya /etc/udev/hwdb.d. Mstari wa kwanza unataja kibodi kwa namba zake za lsusb. Wa pili unaanza na nafasi moja, halafu:

KEYBOARD_KEY_70039=apostrophe

Nikapiga sudo systemd-hwdb update, nikachomoa kibodi, nikachomeka tena. Ng'ombe! Ng'ambo! Nilizipiga ukurasa mzima kama mtoto. Na ukishika Shift unapata alama za kunukuu. Ukizima mashine haisahau, tofauti na xmodmap.

Asubuhi mama akarudi. Akapitisha kidole kwa jina la kwao, akakunja karatasi, akaiweka ndani ya mkoba bila kusema mengi.

Maoni yangu ni haya: tusizoee kusema "hiyo ni alama tu". Ni rahisi kusema hivyo kama jina si lako. Kibodi mbovu inarekebishika, tena bila kununua ingine.

Wewe je, jina lako au la kwenu huharibiwa wapi? Niandikie hapo chini, na ritifaa yake.