Taa ya pikipiki yetu

Wengi wenu mwaijua barabara itokayo Lubumbashi kwenda Kasenga. Wakati wa jioni hujaa watu waletao makala mjini kwa baisikeli: magunia matatu, manne, hata zaidi, yamefungwa kwa kamba nyuma na ubavuni, na mwenyewe haketi juu ya kiti, bali aisukuma baisikeli yake kwa miguu, akiinama kama mtu apandaye mlima. Baisikeli hiyo haina taa. Nguo za mwenyewe ni nyeusi kwa vumbi la makala, magunia ni meusi, na usiku nao ni mweusi.

Katika barabara hiyo, miaka miwili iliyopita, tulimgonga mmoja wao.

Hatukumgonga mwilini. Pikipiki yetu ilipiga gunia la nyuma. Sisi tukaanguka upande huu, yeye upande ule, na makala yakatawanyika barabarani. Tulichubuka mkono na goti. Yeye aliumia kifundo cha mguu, akakaa chini akikishika kwa mikono miwili. Tulipokwisha kuyaokota makala gizani kwa kupapasa, akatuuliza kwa upole: “Baba, hukuniona?” Tukamjibu kwamba hatukumwona. Akasema: “Mimi nilikuona tangu mbali. Nilidhani nawe waniona.”

Tulimpeleka dispensari, tukalipa na gharama ya makala yake, wala hakutushtaki. Lakini neno lake lilikaa nasi. Kwa kuwa taa yetu iliwaka. Ndiyo sababu alituona. Mwanga wake ulikuwa mwekundu-mwekundu kama kaa la moto linalokufa, wa kutosha watu watuone sisi, lakini hautoshi sisi tuwaone watu. Nasi kwa muda wa mwaka mzima tulikuwa twasema: “Yatosha, twazijua njia.”

Aibu yetu ilizidi kwa sababu sisi ni mwalimu, na hesabu ya jambo hili twaifundisha kila mwaka ubaoni. Pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hupita mita 17 hivi katika sekunde moja. Macho yakiona kitu, mkono hauwezi kukamata breki papo hapo. Sekunde moja hupotea, na mita 17 zimekwenda. Baada ya hapo breki nazo zataka nafasi yake, mita 20 na zaidi juu ya lami kavu, na nyingi zaidi juu ya udongo na changarawe. Basi atakaye kusimama kwa usalama sharti aone mita 40 mbele yake, tena aone mtu mweusi kwa makala, si ukuta uliopakwa chokaa. Taa yetu ilitupa labda mita 15. Wanafunzi wetu walijua kufanya hesabu hiyo. Mwalimu wao hakuifanya njiani.

Ilipokaribia likizo kubwa, dada yetu mkubwa akaleta habari kutoka Kolwezi kwamba binti yake aolewa, nasi hatuna budi kufika. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, na mpaka Kolwezi kwenyewe ni karibu 300. Njia ni ya lami, ile tuiitayo kaburimbo, lakini ndiyo njia ya magari makubwa yachukuayo shaba kwenda mpakani Kasumbalesa, nayo hayajui mchana wala usiku. Mama wa watoto wetu alisikiliza mpango wote wa safari, kisha akasema neno moja tu: “Taa ile isipobadilishwa, mimi napanda basi.”

Tukaenda sokoni. Kijana muuzaji akatuonyesha ampuli ya namna mpya, ile waiitayo LED. Ni ufundi wa kusifiwa kweli. Haina uzi wa chuma uwakao kwa joto kama ampuli za zamani. Ndani yake mna kipande kidogo mno kitoacho mwanga wa buluu, na juu yake hupakwa dawa ya manjano, na hizo mbili zikichanganyika jicho huona mweupe. Wajapani watatu waliogundua jinsi ya kuupata mwanga huo wa buluu, yaani Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014. Ampuli hiyo hula umeme kidogo na hudumu muda mrefu. Kijana akasema: “Mwalimu, hili ni jua.” Tukalinunua jua, tukalifunga wenyewe nyumbani.

Loo! Usiku ule tuliona majani ya miembe juu, tukaona madirisha ya nyumba za watu, tukaona mbuzi amelala nyuma ya ua. Tulifurahi kama mtoto mwenye kiatu kipya. Siku nne tulizunguka mtaani bila sababu yo yote ila kuiangalia taa yetu.

Siku ya tano mwanafunzi wetu mmoja alikuja shuleni na kidevu kimefungwa kitambaa. Tukamwuliza, akasema alianguka na baisikeli. Tukamwuliza alianguka vipi, akatazama chini. Ni mama yake aliyekuja alasiri, akatusalimu kwa heshima zote, akaketi, akaongea habari za watoto na za bei ya unga, na mwisho akasema: “Mwalimu, mwanangu amekataa kukuambia. Jana usiku alikutana na pikipiki yako. Hakuona tena njia, akaingia mferejini.”

Sisi tulikuwa tumempita. Tulisikia kelele ya bati nyuma yetu, tukadhani ni mbwa.

Wasomaji, tuliwahi kuomba radhi kwa watu wengi, lakini kumwomba radhi mtoto wa miaka kumi na mitatu mbele ya mama yake ni kazi nyingine.

Hapo ndipo tulipokwenda kwa fundi mzee, akaaye karibu na njia ya reli. Umeme alijifunzia kwenye magari ya migodini, na vidole vyake vimekakamaa kama mizizi. Tulitaka atuuzie kitu. Yeye hakuuza, alianza kufungua. Alitoa kwanza lile jua letu akaliweka juu ya meza, akatuonyesha bakuli la taa lenye kung'aa. Akasema bakuli hilo limepindwa kwa ajili ya moto ukaao mahali pamoja tu, na moto ukisogea hata upana wa punje ya mchele, mwanga wote hupotea njia. Akachukua ampuli ya kawaida ya wati 35 akatuonyesha nyuzi zake mbili, moja ya mwanga mrefu na moja ya mwanga mfupi. Chini ya ule wa mwanga mfupi mna kijiko kidogo cha chuma, chenye kazi moja tu, kuzuia mwanga usipande machoni mwa wajao. “Hiki kijiko,” akasema, “ni cha mtu mwingine, si chako.” Ampuli yetu ya sokoni, iliyobuniwa vibaya, haikuwa na moto mahali pake, wala haikuwa na kijiko cho chote. Ziko taa nzima za LED zilizotengenezwa na bakuli lake lenyewe, nazo ni njema; lakini ampuli ya LED ndani ya bakuli la wenyewe, alisema, ni sawa na kofia ya Askofu kichwani mwa mtoto.

Lakini kwa nini ile ya kwanza iliwaka kama kaa? Akapima umeme kwenye betri, injini ikiunguruma: volti 13 na nusu. Akapima kwenye ampuli: volti 11 na kidogo. Umeme ulipotea njiani. Ulipita katika nyuzi nyembamba kama za kushonea, katika swichi iliyojaa kutu, na ule uzi wa kurudia, uliofungwa kwenye chuma cha fremu, ulikuwa chini ya rangi na matope. Twajua sasa kwamba katika ampuli yenye uzi wa moto volti zikipungua sehemu moja ya kumi, mwanga hupungua karibu sehemu tatu za kumi. Sisi tulipoteza zaidi, basi mwanga wetu ulikuwa karibu nusu tu. Mwaka mzima tulilaumu ampuli, kumbe ampuli ilikuwa na njaa!

Kazi yake ilichukua asubuhi moja. Alikwangua kutu, akafunga uzi mpya mnene kutoka betri moja kwa moja hadi taa, wenye fyuzi yake, akatia swichi ndogo ya sumaku ambayo mafundi huiita relei, ili swichi ya mkononi ipelekewe umeme kidogo tu wa kuamrisha, na umeme mwingi upite penye nafasi. Tulimwuliza kwa nini asitie ampuli ya wati 100. Akatutaka tufanye hesabu wenyewe: wati 35 kwa volti 12 ni karibu ampea 3, wati 100 ni zaidi ya 8. Dinamo ya pikipiki ndogo haiwezi kulisha mlafi huyo, betri huisha, na bakuli huungua. Tena alituonya tusiguse kioo cha ampuli kwa vidole, kwa sababu mafuta ya ngozi hukipasha moto mahali pamoja hata kikaharibika. Tulikuwa tumekwisha kukigusa. Akakipangusa bila kusema neno.

Kisha akatuamuru tukamlete mama wa watoto, pamoja na mzigo wote wa safari. Mama alishangaa kuitwa gereji, akaja na kanga zake na furushi la vitenge vya arusi. Fundi akaisimamisha pikipiki penye uwanja sawa, mita 10 mbele ya ukuta, akatupandisha wote wawili na furushi nyuma. Kwa maana pikipiki yenye mzigo hukaa chini nyuma na kuinua pua yake. Aipimaye tupu hupima uongo. Akapima urefu wa taa kutoka chini, akaupiga mstari wa chaki ukutani, na chini yake, sentimita 10, mstari wa pili. Akalegeza skrubu, akainamisha taa mpaka kichwa cha mwanga mfupi kikagusa mstari wa chini. Taa yetu iko sentimita 90 juu ya ardhi. Ikishuka sentimita 10 kila mita 10, yafika chini kwenye mita 90, na jicho la ajaye halipati kitu. Wapita njia walisimama kutazama watu wazima wawili waketio juu ya pikipiki isiyokwenda, wakiangalia ukuta. Mama watoto alicheka hata furushi likaanguka, ikabidi kupima tena.

Tuliondoka alfajiri ili tufike mchana. Likasi tulifika mapema. Mbele ya hapo gari kubwa lilikuwa limelala kiubavu katikati ya njia, nasi tukangoja saa nyingi pamoja na mamia ya watu. Tulipopita Fungurume jua lilikuwa limezama. Mwezi wa saba nyasi zachomwa kila mahali, moshi wakaa chini, na kila gari lipitalo laacha vumbi. Tuliwasha mwanga mrefu: mbele yetu ukasimama ukuta mweupe, kwani vumbi huurudisha mwanga machoni mwa mwenyewe. Tukaushusha, njia ikaonekana. Tukaenda kilomita 40 kwa saa, tukiinamisha mwanga kila tulipoona gari likija, na kutazama ukingo wa kuume wa lami badala ya taa zake. Madereva wengine waliinamisha nao. Wengine hawakuinamisha, nasi tukapunguza mwendo mpaka kutambaa.

Karibu na Kolwezi mama watoto alitugusa bega. Nasi tulikuwa tumekwisha kumwona: mtu, baisikeli, magunia manne, mbali kabisa. Tukapunguza, tukampita kwa nafasi kubwa. Hakugeuka.

Tuliporudi Lubumbashi tulinunua dukani utepe mwekundu, ule urudishao mwanga, ubandikwao nyuma ya magari. Bei yake ni chini ya bei ya lile jua letu. Jumamosi moja tukaenda barabara ya Kasenga kumtafuta yule wa makala. Alikuwa akichechemea kidogo bado. Tulimbandikia kipande nyuma ya baisikeli na kingine juu ya gunia; akaurudisha uso nyuma, akautazama, akaugusa kwa kidole. Akatushukuru. Kisha akauliza kama tunao mwingine, kwa kuwa wenzake kumi na wawili walikuwa nyuma yake, wanapanda kilima.