Mishmishi za Jabal Akhdar

Sisi tuliozaliwa Unguja, mti wa matunda usio na majani tuliuhesabu umekufa. Mbuyu na msufi hupukutika, sawa, lakini nani amewahi kuona mwembe mtupu? Ndiyo maana nilipopandishwa mlima wa Jabal Akhdar, Oman, utotoni, mwishoni mwa miaka ya 1970, nikakuta matuta ya kijiji yamejaa vijiti vikavu, niliwaonea huruma wenyeji. Ami yangu, aliyekuwa na duka Pemba kabla ya kurudi Oman, alicheka. "Imelala hiyo, mwanangu. Njoo mwezi wa tatu."

Nilikwenda. Milozi ilikuwa imekwisha kutangulia, na sasa mishmishi na mipichi ilichanua kwa pamoja, tuta chini ya tuta, nyuki wakivuma tangu jua linapotoka. Maua yaliyodondoka yalibebwa na maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia matuta, mpaka kwenye birika, na mke wa ami akawa anayachota kwa kata na kuyamwaga kando, akilalamika kama anayefagia uchafu. Kumbe ule wingi ndio uliokuwa chakula chao. Maua yakitoka pamoja, matunda huiva pamoja, na mnunuzi aliyepanda na gari kutoka Nizwa alijua atashuka na shehena kamili.

Ami hakuwa na kipimajoto. Alichotazama ni birika. Asubuhi ya Januari ikiamka na barafu nyembamba juu ya maji, alifurahi kuliko siku ya mvua, na mimi niliyejikunja ndani ya blanketi nilidhani ananitania. Kule juu, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, usiku wa kipupwe hukaribia sifuri, na mara nyingine hupita chini yake.

Baadaye nilisoma sababu ya furaha yake. Mishmishi hufunga matumba yake ya maua tangu kiangazi, kisha huyafungia usingizini. Siku chache za jua la Desemba hazitoshi kuyaamsha, na ni heri, maana yangetoka yakaunguzwa na baridi ya Januari. Mti husubiri mpaka upate kiasi chake cha baridi, ndipo joto linalofuata liufungue. Wakulima wa nchi nyingi huhesabu saa ambazo hewa iko kati ya nyuzi 0 na 7. Mkomamanga huridhika na saa 100 au 200 hivi, lakini mishmishi na mipichi mingi ya zamani hudai mamia kadhaa, na jozi mara nyingi hudai zaidi. Baya zaidi, mchana wenye joto unaweza kufuta sehemu ya baridi iliyopatikana usiku.

Sikumbuki mwaka gani nilianza kuona tofauti. Labda katikati ya miaka ya 1990. Tawi moja la mishmishi lilichanua Februari, jirani yake likakaa kimya mpaka Aprili, likatoa majani na maua mawili matatu kwa aibu. Juu ya mti mmoja palikuwa na tunda bivu, tunda bichi na ua. Mnunuzi alipanda, akaangalia, akashuka na maboksi yasiyojaa. Safari nyingine hakuja.

Kijijini sababu hazikukosekana. Falaji zimepungua maji. Vijana wameshuka Maskati kutafuta mishahara, matuta yameachiwa vibarua wasiojua kupogoa. Mzee mmoja alisema ni jicho, kwa sababu ya wageni walioongezeka. Yote haya, ukiacha jicho, yalikuwa kweli, nami siyapuuzi. Bila maji hata mti uliolala vizuri hufa. Ila ulikuja mwaka wa mvua nzuri, falaji ikajaa, upogoaji ukafanywa na ami mwenyewe, na mishmishi ikachanua ovyo vilevile. Birika halikuwa limeganda hata asubuhi moja msimu ule. Ami aliliona hilo kabla yangu.

Mwaka 2009 watafiti walichapisha hesabu zao za vijiji vya mlima huo: kati ya 1983 na 2007 saa za baridi zilikuwa zikipungua kwa wastani kila mwaka, mahali pengine kwa saa moja tu, pengine kwa saa tisa na zaidi. Ukizijumlisha hizo tisa kwa robo karne, unapita mahitaji yote ya mkomamanga.

Binamu yangu, aliyerithi matuta, ameng'oa sehemu kubwa ya mishmishi na kupanda mikomamanga, ambayo matunda yake hununuliwa ghali Nizwa kuliko yanayotoka nje. Karibuni ameanza kuulizia mipichi ya Florida, aina zinazoridhika na saa 150 hivi. Dada yake hazitaki. Hoja yake ni ya maana: mti usiohitaji baridi nyingi huamka mapema, na usiku mmoja wa barafu mwezi wa Februari, ambao bado huja, utamaliza maua yote. Binamu amejibu kwa kupanda michache nyuma ya nyumba, mahali palipokingwa na upepo. Mishmishi mmoja wa baba yake ameubakiza. Anadai kuni zake hazilipi gharama ya kuukata.