Kitenzi cha Mkono

Kiswahili kimempa mwenye gitaa vitenzi kadhaa: anaweza kulipiga, kulicharaza, kulikung'uta au kulidonoa. Malenga ajuaye uzito wa neno hawezi kuvichanganya. Kupiga ni kwa jumla. Kucharaza kuna ustadi. Kukung'uta ni mkono mzima unaoshukia nyuzi zote. Nako kudonoa ni kwa kuku achaguaye punje moja moja. Ajabu ni kwamba kile kijibamba tukishikacho vidoleni, kiamuacho kitenzi kipi kisikike, hatujakipa jina. Hapa Bulyanhulu, kama kwingineko, twakiita "piki" tu.

Kijibamba chembamba, cha nusu milimita au chini yake, hupinda kikigusa nyuzi. Chafaa gitaa linalomsindikiza mwimbaji. Kinene, cha milimita 1 na kuendelea, hakipindi. Kila noti hutoka imesimama peke yake, na ndicho akipendacho mpigaji wa solo. Kadi ya benki iliyokwisha muda, ambayo vijana wa Kakola huikata kwa mkasi, ina unene wa milimita 0.76. Hiyo huangukia katikati.

Wapo wasiokihitaji. Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alitumia kidole gumba na cha shahada, besi na sauti ya juu zikazungumza kwa pamoja. Mjomba wangu alikuwa mfuasi wake. Kisha, katika duara la wachimbaji wadogo, jiwe likamkata ncha ya kidole cha shahada. Jeraha lilipona, ila kilichobaki hakikuvumilia waya. Kwa miezi gitaa lilining'inia ukutani, na nyumba nzima ikajifunza kutoutazama ukuta ule.

Nilimletea vijibamba vya plastiki vya kila unene. Vyembamba vilimponyoka, maana sasa alishika kwa gumba na kidole cha kati. Hatimaye alikata kipande cha pembe ya ng'ombe, akakisugua hadi kikabaki na unene wa milimita 2 hivi. Hicho kilitulia. Besi na sauti ya juu hazikuzungumza tena pamoja. Zilipokezana, kama washairi wajibizanao kwa beti. Nyimbo zake zilipungukiwa noti, zikapata vituo.

Pembe ile ina ndugu baharini. Zamani vijibamba vilivyosifiwa vilichongwa kwa gamba la ng'amba, ambalo, kama pembe, ni keratini. Leo biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Pwani yetu ilisafirisha magamba ya kasa tangu karne ya 1, kama kinavyoshuhudia kile kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus. Jina la mnyama tulikuwa nalo, malighafi tukaitoa. Jina la chombo tukawaachia wengine.

Nami napendekeza "kidonoleo", kwa njia ileile iliyotupatia king'oleo kutoka kung'oa. "Kicharazio" kingependeza zaidi, lakini wengine wamekwisha kuipa kompyuta.

Mjomba hakungoja pendekezo langu. Akikosa kile kipande cha pembe mezani, huuliza: "Kidole changu kiko wapi?"