Usinunue Kamera kwa Macho

Wasee, leo wacha niwaambie vile nilipoteza 32,000, na kitu kingine ambacho pesa hairudishi.

Mnajua vile huwa inaanza. Unarekodi video na simu, watu wanakuambia uko na kipaji, halafu msee mmoja anakuuliza, "Unaweza kuja kupiga picha ruracio ya dada yangu?" Unasema ndiyo kabla hujafikiria. Sasa unahitaji kamera, na mfukoni uko na 14,000.

Hizo 18,000 zingine alinipa mathe. Hazikuwa zake. Alizikopa kwa chama, kwa jina lake, na kila mwezi yeye ndiye angesimama mbele ya wamama wenzake kulipa.

Nilikuwa nimeona Canon 700D mbili. Moja ilikuwa 28,000, rangi imetoka kwa pembe, skrini iko na mkwaruzo. Ya pili ilikuwa 32,000 na ilikuwa inang'aa. Raba mpya, vibonyezo vyeusi tititi, hata kamba ya shingoni ilikuwa kwa karatasi yake. Nilichukua ya pili. Na wacha niwe mkweli, sikuichukua kwa sababu nilikuwa nimeipima. Niliogopa kuonekana kwa sherehe ya watu nikiwa na kamera imechakaa. Nilipiga picha tatu za meza, nikatuma M-Pesa, nikaenda nyumbani nikitabasamu kwa mathree.

Kazi ya kwanza iliweza. Ya pili pia. Ya tatu ndiyo ilikuwa hiyo ruracio. Shosho wa bibi harusi alisimama kuwabariki, mkono mmoja kwa bakora, mwingine kwa kichwa cha msichana. Nikabonyeza. Kamera ikalia kitu kama mfupa umevunjika, skrini ikaleta ujumbe wa hitilafu. Nikazima, nikawasha. Nikatoa betri, nikarudisha. Nilipoinua kichwa, shosho alikuwa ameshaketi.

Fundi aliifungua mbele yangu. "Kijana, hili ganda si lake," akasema. Mtu alikuwa ameivalisha ganda na raba mpya, ndani shata imechoka kabisa. Kubadilisha shata ilikuwa 13,000. Sikuwa nazo, kwa sababu nilikuwa nimerudisha 10,000 ya watu ya kazi. Niliiuza 6,000 ya vipuri.

Ile methali ya shule, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, nilikuwa naiandika kwa insha ili nipate alama. Siku hiyo ndiyo niliielewa.

Miezi minne baadaye bibi harusi alinipigia. Shosho alikuwa amefariki. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliniumiza. Aliuliza tu, "Angalia tena, hakuna hata moja ya wakati ule?" Hakukuwa.

Kwa hivyo nilipoweka pesa tena, nilijifunza kupima kabla ya kupenda. Haya ndiyo mambo ambayo ningetaka mtu aniambie mapema.

Kwanza, shata. Ni lile pazia dogo linalofunguka na kujifunga kila ukipiga picha, na huwa lina umri. Kamera za daraja hili hukadiriwa picha kama 100,000. Inaweza kufa kabla, inaweza kupita mbali, lakini hiyo namba ndiyo kama kilomita za gari. Kwa Nikon nyingi utaipata ndani ya data ya picha yenyewe. Kwa Canon nyingi unahitaji waya na programu kwa laptop, kwa hivyo beba laptop. Na ujue video haihesabiki vile picha huhesabiwa. Kamera ya mtu wa video inaweza kuonyesha namba ndogo na bado imefanya kazi masaa mengi sana.

Pili, lenzi. Washa tochi ya simu, iangazie upande mmoja, wewe angalia na ule mwingine. Vumbi kidogo ni sawa. Ukiona kitu kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na inakula kioo polepole. Kamera iliyokaa mahali penye unyevu, kwa mfano pwani, iangalie mara mbili.

Tatu, sensa. Funga lenzi kwa tundu dogo, f/16 au f/22, upige picha ya karatasi nyeupe. Madoa yatajionyesha. Halafu weka kifuniko, upige picha ya giza ya sekunde kadhaa. Ukiona nukta nyekundu na za buluu zimejaa, jua unanunua nini.

Nne, matundu. Chomeka maiki na uitikise kidogo huku unarekodi. Sauti ikikatika, hiyo ni pesa ya fundi.

Nilizunguka wiki tatu. Nikapata Canon 70D mbili. Moja ilikuwa 45,000, safi kama imetoka kwa boksi. Nikaomba niunganishe laptop. Muuzaji akacheka, "Si unaona ni mpya, unataka nini tena?" Nikamshukuru nikaondoka.

Ya pili ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa anafunga studio yake. Alitaka 38,000. Raba imebanduka, rangi imeisha kwa pembe zote. Kabla sijauliza akaniambia, "Kijana, hii imepiga elfu sitini na kitu." Tuliunganisha, ikasoma 61,000. Alinipa kiti, akaniacha niipime saa nzima. Kitu pekee kilikuwa betri, menyu ilionyesha nyekundu, imechoka. Betri nyingine ni 2,500. Nikamwambia, "Mzee, nitolee hiyo ya betri." Tukafunga kwa 35,500.

Piga hesabu na mimi. Zimebaki picha kama 39,000. Kazi moja napiga kama 400. Hizo ni kazi 97, yaani miaka minne nikipata mbili kwa mwezi. Ile ya kwanza ilinipa kazi mbili. Sasa niambie gani ilikuwa bei rahisi.

Jambo la mwisho, na hili msilichukulie mchezo. Ukipata kamera ya nusu bei, haina chaja, haina boksi, na mwenye hajui hata menyu iko wapi, hiyo si bahati. Huyo ni mtu mwingine analia mahali. Kushika mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na polisi wakiipata unapoteza kamera, pesa, na pengine usingizi wa seli. Omba risiti yenye namba ya kamera, na uhakikishe inalingana na ile iko chini ya mwili wake.

Sisemi kila kitu kinachong'aa ni uongo, au kila kilichochakaa ni kizuri. Kuna kamera zimechakaa nje na zimekufa ndani pia. Ninachosema ni kwamba mkwaruzo hauharibu picha, na tunalipa pesa mingi sana kuficha mikwaruzo. Kwa simu, kwa gari, hata kwa viatu. Tunanunua vile tutaonekana tukishika kitu, halafu siku ya kazi kitu kinagoma.

Mathe nilimaliza kumlipa Agosti. Siku nilimwonyesha hii ya sasa aliigeuza mara mbili, akaniangalia. "Na hii ndiyo umenunua? Imezeeka hivi?"

Nikampiga picha akiwa bado anashangaa. Ilitoka poa.