Shela la mdogo wangu na daftari la kalkulasi



Leo sitaandika kuhusu singo wala rangi za sare. Leo nataka kuandika kuhusu hesabu. Msinikimbie, nisomeni mpaka mwisho, maana ndani yake mna harusi.

Wanaonijua wanajua mimi ni fundi wa kushona. Skuli niliishia kidato cha nne, na hesabu nilipata F ambayo haikumshangaza mtu, hata mimi mwenyewe. Mwaka ule ule mama yetu alitangulia mbele ya haki. Nikasoma kozi ya ushoni, nikaanza na cherehani moja barazani kwetu, na leo, Alhamdulillah, nina duka la mashela na mafundi watatu. Mdogo wangu wa mwisho nimemlea mimi. Yeye Mwenyezi Mungu kamjaalia kichwa. Yuko chuo kikuu, anasomea ualimu wa hesabu, na ada yake inatoka kwenye cherehani.

Mwaka wa kwanza, semista ya kwanza, walisoma kalkulasi, sehemu ile ya kutafuta kitu kinabadilika kwa kasi gani. Akapata B. Semista ya pili kalkulasi ikaendelea, lakini safari hii ikageuzwa kichwa chini: unapewa kasi, utafute kitu chenyewe. Hiyo wanaiita intigresheni. Baadaye ikaja mifululizo, yaani kujumlisha namba zisizo na mwisho. Mdogo wangu alinieleza hivi: "Dada, ya semista ya kwanza ni kama kushona, unafuata hatua. Hii ya pili ni kama kuletewa nguo iliyokwisha kushonwa, uambiwe useme ilikatwaje. Unajaribu njia hii inakataa, unajaribu nyengine."

Jaribio la kwanza akapata 9 kati ya 30.

Wiki ile ile ikaja posa. Kijana wa watu wazuri, ana dini, ana kazi yake, na mdogo wangu moyo wake uliridhia. Wazee wakakubaliana, harusi ikapangwa baada ya Idi Kubwa. Mtihani wa mwisho wa semista ulikuwa wiki tatu baada ya harusi. Hakuna aliyeuliza habari za mtihani. Hata mimi sikuuliza.

Usiku mmoja nilikuwa nimetandika kitambaa sakafuni, nakata shela lake. Alitaka la solo, ile inayofunguka duara zima ukizunguka. Yeye kakaa pembeni na daftari lake, kimya. Nikasikia mafua mafua. Kumbe analia.

"Dada, mimi naacha."

"Unaacha nini?"

"Chuo. Nitaolewa, halafu nitakuja kukusaidia dukani. Hii kalkulasi siiwezi."

Sasa hapa dada zangu nitasema kweli, kwa sababu huu si ukurasa wa kujipamba. Kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa nafuu. Nilijiona nimetua mzigo. Sitahesabu ada tena, sitakopa kwa wenzangu wa upatu kila semista ikianza. Na chini ya ile nafuu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Sauti ilisema, "Bora, na yeye awe kama mimi." Nikasema astaghfirullah, nikauweka mkasi chini.

Nikamwambia, "Hebu nieleze hiyo intigresheni."

"Huwezi kuelewa, dada."

"Nieleze kama unavyomueleza mteja."

Akanyamaza. Akakitazama kitambaa sakafuni, halafu akaniuliza umbo la kiuno nimelipataje. Nikamwambia kiuno chako inchi 25, nagawa kwa sita na robo, napata 4. Nashika 4 kutoka kwenye kona ya mkunjo, nazungusha chaki. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye kozi, gawa kwa sita na robo, basi. Kwa nini sita na robo hatukuambiwa na hatukuuliza.

Akacheka na machozi yake. Akasema ile sita na robo ni mara mbili ya pai, karibu 6.28, ila mafundi wameipunguza kidogo iwe rahisi. Kila duara, ukichukua kipimo cha kutoka katikati hadi ukingoni ukakizidisha kwa hiyo, unapata mzunguko wake. Miaka yote hiyo nilikuwa natumia pai na sijui!

Kisha akasema, "Sasa chukua mkasi kwa mawazo tu. Sketi ina urefu wa inchi 40. Ikate pete pete, nyembamba kama uzi, kutoka kiunoni mpaka chini. Kila pete ikunjue iwe utepe ulionyooka. Zipange zote kwa kufuatana."

Nikazipanga kichwani. Utepe wa juu kabisa ni mfupi, inchi 25, kile kiuno chake. Wa chini kabisa uko umbali wa 44 kutoka katikati, yaani 40 za urefu na zile 4 za kiuno. Zidisha kwa sita na robo, ni 275, karibu mita 7. Hiyo mita 7 naijua vizuri, ndiyo lesi ninayonunua kwa pindo! Na baina ya hizo mbili kila utepe unarefuka kidogo kidogo. Ukizipanga linatoka umbo la mteremko, juu jembamba, chini pana. Wastani wa 25 na 275 ni 150, mara urefu wa 40, ni inchi 6,000 za mraba za kitambaa.

Akaandika kwenye daftari kwa njia yao, na alama ile ndefu iliyojipinda kama ndoano ya kufumia. Akapata 6,032. Tofauti ni ile pai yetu iliyopunguzwa.

"Dada," akasema, "hii ndiyo intigresheni. Unakata kitu usichoweza kukipima vipande vidogo unavyoweza kuvipima, halafu unavikusanya."

Nilikaa pale sakafuni nikashindwa kusema. Nilikuwa nimeambiwa maisha yangu yote kwamba hesabu si yangu.

Tukaendelea usiku ule, na nyengine nyingi baada yake. Mimi nashona, yeye anakokotoa kwa sauti na mimi namuuliza maswali ya kijinga. Maswali ya kijinga yanasaidia, maana mtu akikuuliza "kwa nini" huwezi kumjibu kwa kanuni uliyoikariri. Akanieleza mifululizo kwa kitambaa. Kata nusu mita, kisha robo, kisha nusu ya robo, endelea hivyo maisha yako yote, hutamaliza mita moja. Lakini ukikata mita nzima, kisha nusu, kisha thuluthi, kisha robo, kisha moja ya tano, vipande vinazidi kuwa vidogo na jumla yake haina ukomo. Ila inakwenda polepole mno. Kuzipita mita 10 tu unahitaji vipande zaidi ya 12,000. Ndiyo maana, alisema, huwezi kuhukumu kwa kutazama vipande vichache vya mwanzo. Nikamwambia, na wewe usijihukumu kwa jaribio la kwanza.

Akanisimulia pia habari za Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra yapata mwaka 965, aliyefanya kazi zake Cairo. Alitafuta ujazo wa umbo kama kuba, akalikata matabaka membamba, akayajumlisha, akapata sehemu 8 kati ya 15 za mcheduara unaolifunika. Newton na Leibniz, ambao ndio wanaotajwa kwa kalkulasi, walikuja miaka zaidi ya 600 baadaye. Mdogo wangu alipolisema hilo alikaa wima. Nami niliona fahari, mwanamke wa F.

Jaribio la pili likaangukia Jumatano ya wiki aliyowekwa ndani. Mnaijua mila yetu, bi harusi akishaanza kusingwa hatoki nje. Shangazi yetu ndiye aliyekuwa somo wake, na shangazi ni mtu wa kauli moja. Nilipanga kumdanganya. Nilitaka kusema nampeleka dukani kujaribu shela. Uongo ulikuwa umeshafika ulimini. Lakini nikaona nitaanzaje ndoa ya mdogo wangu kwa uongo? Nikamwambia ukweli.

Akasema, "Hizo hesabu zitampikia nani?"

Nikamjibu, "Shangazi, mimi ndiye niliyeacha. Nisamehe, lakini sitaki awe wa pili."

Alinyamaza muda mrefu, anasaga liwa lake. Mwishowe akasema, "Mvishe ninja. Na mrudishe kabla ya adhuhuri."

Tukaenda, yeye kafunikwa gubigubi, ananukia liwa na karafuu daladala nzima. Alipata 19 kati ya 30.

Jambo kubwa lilibaki, nalo ni hili ninalotaka mlichukue. Kabla ya nikahi nilimuomba baba yetu mdogo, ambaye ndiye walii wake, azungumze na upande wa mume mbele ya wazee. Amalize miaka iliyobaki, ada ataitoa nani, na akijaaliwa mtoto itakuwaje. Niliogopa posa isije ikavunjika. Wallahi usiku ule sikulala. Shemeji yangu alisikiliza, akasema hakujua kama kuna mtihani wiki tatu baada ya harusi, angejua angeomba tarehe nyengine. Hakuna aliyemwambia! Ada wakakubaliana nusu kwa nusu, mimi na yeye.

Harusi ikafana, shela likazunguka mita 7 za lesi. Fungate lake lilikuwa na daftari. Shemeji alimsomea maswali na yeye akajibu. Matokeo yalipotoka, kalkulasi ya semista ya pili ilikuwa C. Kuna waliosema C ni nini. Mimi nilipika biriani.

Bi harusi wangu, ukiwa unasoma, iseme ratiba yako ya mitihani siku tarehe ya harusi inapopangwa, usingoje kuulizwa. Masuala ya masomo yazungumzwe kabla ya nikahi, na walii wako asimame nayo. Kama mnataka yawe sharti, muulizeni kadhi au sheikh mnayemuamini awaelekeze. Na wewe dada mkubwa unayelipa ada, jichunguze moyo wako kama nilivyojichunguza mimi usiku ule.

Mimi sasa nafundisha wasichana wawili kushona. Juzi nilipofika kwenye sita na robo, mmoja akaniuliza, "Kwa nini sita na robo?" Nikachukua chaki, nikakaa sakafuni, nikamwambia njoo.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na azijaalie kheri ndoa zetu. Amin.